New Albion ya Sonoma: Kiwanda Kilichodumu Miaka Sita na Kuibadili Bia ya California

Novemba 1982, kiwanda cha bia cha New Albion, nje kidogo ya mji wa Sonoma kaskazini mwa California, kilifungwa kwa kuishiwa fedha. Hakikuwahi kupata faida ya maana, na hata kilipokuwa katika kilele chake kilipika mapipa yapatayo 400 tu kwa mwaka, sawa na lita 47,000 hivi. Mhasibu akikabidhiwa vitabu vyake atasema hii ni biashara iliyoshindwa, na kwa upande wa hesabu atakuwa amesema kweli.

Hata hivyo, leo Marekani ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, karibu vyote vidogo, na ukifuatilia asili ya vile vya mwanzo vya kaskazini mwa California hukawii kufika kwenye kiwanda kile cha Sonoma. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya mtu aliyewahi kabla ya wakati wake. Mimi naona maelezo hayo yanatuacha gizani, kwa kuwa hayaonyeshi ni kwa njia gani kiwanda kilichouza bia kidogo namna ile kilivyoweza kuwagusa wengine. Njia zipo na zinafuatilika: vyombo vilivyohamishwa, mwanagenzi aliyefunzwa kazi, hamira iliyohifadhiwa maabara, na hesabu ambayo mgeni mmoja aliichukua kichwani alipotembelea kiwanda.

Soko kabla ya 1976

Marufuku ya pombe nchini Marekani, iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933, iliua viwanda vingi, na vilivyofufuka baadaye vilimezwa kimoja baada ya kingine na vikubwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilibaki na viwanda visivyofika 100. Anheuser-Busch, Miller, Schlitz, Pabst na Coors walishindana kwa matangazo na kwa bei, huku bia zenyewe zikizidi kufanana: laga nyepesi, baridi sana, iliyochanganywa mahindi au mchele ili kupunguza gharama ya kimea cha shayiri. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyezoea Tusker na Kilimanjaro anaijua familia hiyo ya bia. Mmarekani wa 1975 aliyetaka kitu kingine, bia nyeusi iliyokolea au eli yenye uchungu kama ya Waingereza, alilazimika kununua ya kutoka nje ya nchi, nayo mara nyingi ilikuwa imekaa melini na ghalani mpaka ikachujuka.

Palikuwa na mahali pamoja pa tofauti. San Francisco kulikuwa na kiwanda cha Anchor, chenye asili ya 1896, ambacho Fritz Maytag alikinunua mwaka 1965 kilipokuwa hoi. Maytag alikisafisha, akajifunza kemia ya bia na kuurudishia mji heshima ya bia yake. Mwaka 1975 alitoa Liberty Ale, iliyotiwa hopsi aina ya Cascade. Hopsi ni maua ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu, na Cascade ni mbegu ya Oregon iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, yenye harufu inayokaribia maganda ya balungi. Nitairudia mbegu hii, maana imebeba sehemu kubwa ya kisa.

Lakini Maytag alitoka katika familia tajiri ya mashine za kufulia, na alianza na kiwanda kilichokuwa na leseni, jina na wateja. Mtu asiye na kiwanda wala fedha za urithi angeweza kumhusudu, asiweze kumfuata. Swali la kama mtu wa kawaida anaweza kuanzisha kiwanda cha bia kutoka kwenye sakafu tupu lilikuwa halijajibiwa na yeyote.

Jack McAuliffe na wenzake

Jack McAuliffe alikuwa fundi wa jeshi la majini la Marekani, na miaka ya 1960 alipangiwa kazi Holy Loch, Scotland, kwenye kituo cha nyambizi. Huko ndiko alikoonja eli za Kiingereza, pamoja na pota na stauti, bia zao nyeusi, na huko ndiko alikonunua vifaa vya kupikia bia nyumbani kwenye duka la Boots, duka la dawa ambalo Waingereza wanalifahamu kila mtaa. Aliporudi Marekani alisoma, akafanya kazi ya uhandisi kusini mwa San Francisco, na akaendelea kupika. Jambo hilo lilikuwa bado kosa kisheria. Ruhusa ya kutengeneza divai nyumbani ilirudi baada ya marufuku, ila ya bia ilisahauliwa mpaka Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyokuwa na kifungu cha Seneta Alan Cranston wa California kinachowaruhusu watu kujipikia bia.

McAuliffe alitembelea Anchor, akaona kiwanda kidogo kinachofanya kazi, na akaamua kujenga chake. Hakuwa peke yake. Suzy Stern na Jane Zimmerman waliingia naye kama wabia, wakatoa fedha, na Oktoba 1976 kampuni ikaandikishwa. Zimmerman hakukaa muda mrefu. Stern alikaa mpaka mwisho, akishika kila kazi iliyokuwapo, ikiwemo kupika, kujaza chupa na kupeleka bia kwa wanunuzi. Simulizi nyingi humtaja McAuliffe peke yake, na hilo linaniudhi, kwa sababu kiwanda cha watu watatu kilichoendeshwa miaka yake mingi kwa jasho la watu wawili kinageuzwa kuwa kazi ya mtu mmoja.

Jina walilichukua kwenye historia ya pwani yao. Mwaka 1579 Francis Drake alitia nanga kaskazini mwa California na kuiita nchi ile Nova Albion, na meli yake, Golden Hind, ndiyo iliyochorwa kwenye lebo ya chupa. San Francisco iliwahi pia kuwa na kiwanda cha bia kilichoitwa Albion kabla ya marufuku. Kwa hiyo jina lilikuwa na mizizi, na watu wa eneo lile waliitambua picha ya ile meli.

Hesabu ya pipa moja na nusu

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na nitakaa hapa kidogo.

Walikodi ghala la matunda. Fedha za kununua mitambo ya kiwandani hazikuwepo, na hata zingekuwepo, hakuna kampuni iliyotengeneza mitambo ya ukubwa huo. Watengenezaji walihudumia viwanda vinavyopika mapipa kwa maelfu. McAuliffe, ambaye alijua kuchomelea vyuma, aliunda vyombo vyake mwenyewe kutokana na vifaa vya mtumba: matangi ya viwanda vya maziwa, na madumu ya chuma cha pua ya galoni 55 yaliyokuwa yakibebea sharubati ya Coca-Cola. Alivipanga kwa ngazi, cha juu kikimwagia cha chini, ili maji yashuke yenyewe na apunguze pampu. Kuhusu upishi wenyewe alichimba vitabu vya zamani kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha California pale Davis, ambako Profesa Michael Lewis, mwalimu wa sayansi ya bia, alimpa ushauri.

Yeyote aliyewahi kuona busaa au mbege ikipikwa anaujua mwendo wa kazi, ingawa nafaka na vyombo ni tofauti. Kimea kinasagwa, kinalowekwa kwenye maji moto mpaka wanga ugeuke sukari, maji yake matamu yanachujwa na kuchemshwa pamoja na hopsi, yanapozwa, yanatiwa hamira, kisha yanaachwa yachache. New Albion waliongeza hatua moja ya kizamani: kabla ya kufunga kizibo walitia sukari kidogo kwenye bia, hamira iliyobaki ikaila na kutoa gesi humo humo ndani ya chupa. Ndiyo maana chupa zao zilikuwa na mashapo chini, na mnywaji alitakiwa kumimina taratibu. Kwa mnywaji wa 1977 aliyezoea laga inayong'aa kama kioo, mashapo hayo yalionekana kama kasoro, na muuza duka alikuwa na kazi ya kumweleza kila mteja.

Sasa tazama kipimo. Mtambo wa McAuliffe ulitoa pipa moja na nusu kwa mpiko mmoja. Pipa la Marekani ni lita 117, kwa hiyo mpiko ulitoa lita 176. Ukizijaza kwenye chupa za mililita 355 unapata chupa zisizofika 500, yaani kreti 20 za chupa 24, na hapo hujatoa kinachomwagika na kinachobaki kwenye mashapo. Kupika kreti 20 kunachukua siku nzima. Kusaga, kuloweka, kuchuja, kuchemsha, kupoza na kuosha vyombo vyote hakufupishwi na udogo wa sufuria. Kazi ya kupika kreti 130 kwa chombo kikubwa zaidi ingekuwa karibu ile ile, tofauti ikiwa ni uzito wa magunia na muda wa kuchemsha.

Maana yake ni kwamba kila chupa ya New Albion ilibeba ujira wa kazi mara kadhaa zaidi ya ile ambayo ingebebwa na chupa ya mtambo wa mapipa kumi. Walipika mara tano kwa wiki ili wafikie mapipa saba na nusu. Nafasi ya kuongeza mpiko wa sita ilikuwepo, ya kumi haikuwepo, maana miili ya watu ina mwisho na wiki ina siku saba. Kupandisha bei nako kulikuwa na ukomo, kwa sababu rafuni chupa yao ilikaa karibu na bia za Ulaya zenye majina makubwa. Ushuru wa serikali kuu ulikuwa umeshushwa mwaka 1976 kwa viwanda vidogo, kutoka dola 9 hadi dola 7 kwa kila pipa katika mapipa 60,000 ya kwanza, na unafuu huo ulisaidia. Lakini kwa mapipa 400, dola 2 za pipa ni dola 800 kwa mwaka. Haziajiri mtu.

Wengi wamesema New Albion ilikufa kwa sababu Wamarekani walikuwa hawajawa tayari kwa bia ya namna ile. Ushahidi unasema vingine. Bia iliuzwa, na magazeti ya taifa, New York Times na Washington Post yakiwemo, yaliandika habari za kiwanda hiki. Wanunuzi walikuwepo kuliko bia iliyokuwepo. Kilichokosekana ni chombo kikubwa zaidi, na chombo kikubwa kilihitaji mtaji.

Mtaji haukupatikana, na mazingira ya fedha ya wakati ule yanaeleza kwa nini. Mwishoni mwa 1980 riba ambayo benki za Marekani zilitoza wateja wao bora kabisa ilipanda kupita asilimia 20. Sasa mfikirie mtu mwenye nywele ndefu na madumu ya sharubati anayeingia benki kuomba mkopo wa kujenga kiwanda cha bia, katika nchi ambayo kila mwaka viwanda vya bia vilikuwa vikifungwa. Afisa wa mikopo hakuwa na mfano hata mmoja wa kulinganisha. McAuliffe alikuwa na michoro ya kiwanda kikubwa zaidi, wawekezaji hawakuja.

Mlango wa ghala

Wageni walikuja tangu mapema. Wengine walikuwa wapika bia wa nyumbani, wengine wanafunzi wa Davis, wengine waandishi. McAuliffe hakuwa mwepesi wa tabasamu; waliomfahamu wanamweleza kama mtu mkali asiyependa kupotezewa muda. Lakini kiwanda kilionekana. Ungeweza kusimama pale ukaona tangi la maziwa likifanya kazi ya tangi la bia, ukaona bomba limechomelewa wapi, ukarudi nyumbani ukijua kwamba jambo linawezekana na linagharimu kiasi gani cha usumbufu. Nadhani thamani hii ni vigumu kuikadiria kwa mtu wa leo, anayeweza kuagiza mtambo mzima wa mapipa kumi ukiwa na maelekezo yake.

Mmoja wa waliofika ni Don Barkley, mwanafunzi wa Davis. Aliingia kama mwanagenzi, na mwanzoni ujira wake ulikuwa bia. Alijifunza kazi yote, akawa mpishi. Mwingine ni Ken Grossman, kijana mwenye duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico, mwendo wa saa chache kaskazini mashariki. Grossman aliitembelea Anchor na New Albion, na ziara hizo mbili ndizo zilizompa ramani. Anchor ilimwonyesha bia safi inavyotengenezwa na kiwanda chenye uwezo. New Albion ilimwonyesha kwamba mtu mwenye mikono ya ufundi anaweza kujijengea mtambo. Aliiona pia ile hesabu ya pipa moja na nusu, na akaondoka ameamua kwamba yeye hatapika kwa kipimo hicho.

Hopland

New Albion ilipofungwa, vyombo havikuuzwa kama chuma chakavu. Katika mji mdogo wa Hopland, kilomita 160 hivi kaskazini mwa San Francisco kwenye barabara kuu ya 101, kikundi cha watu kilikuwa kinaanzisha kampuni ya Mendocino Brewing. Mji wenyewe ulipata jina lake kutokana na mashamba ya hopsi yaliyokuwepo zamani bondeni mwake. Vyombo vya New Albion vilihamishiwa huko. Barkley alikwenda navyo, akachukua na hamira. McAuliffe naye alifanya kazi huko kwa muda mfupi, kisha akaondoka na kuiacha kabisa biashara ya bia. Kufanya kazi kama mwajiriwa juu ya vyombo ulivyoviunda kwa mkono wako ni jambo zito, na simlaumu kwa kuondoka.

Tazama kilichobadilika kati ya Sonoma na Hopland. Vyombo ni vile vile, hamira ni ile ile, mpishi ni yule yule. Sheria ndiyo iliyokuwa mpya. Mwaka 1982 bunge la California lilipitisha sheria iliyoruhusu mpika bia kuuza bia yake moja kwa moja kwa mnywaji pamoja na chakula pale pale inapopikwa. Kabla ya hapo bia ilibidi ipite kwa msambazaji au ipelekwe dukani, na kila mkono ulikata fungu lake. Agosti 1983 Mendocino ilifungua baa yake Hopland, baa ya kwanza ya kuuza bia iliyopikwa pale pale katika jimbo tangu marufuku na ya pili nchini, baada ya ile ya Bert Grant iliyofunguliwa Yakima, jimbo la Washington, mwaka 1982.

Pima tofauti kwa fedha. Chupa iliyotoka Sonoma iliuzwa kwa bei ya jumla, ikalipiwa kizibo, lebo, kreti na petroli. Glasi iliyomiminwa Hopland iliuzwa kwa bei ya rejareja, bila kizibo wala lebo, kwa mteja aliyekuja mwenyewe na aliyeagiza na chakula. Mtambo mdogo unaokuua ukiuza kwa chupa unaweza kukulisha ukiuza kwa glasi. Kama sheria ile ingekuja miaka miwili mapema, naamini New Albion ingekuwa hai kwa muda mrefu zaidi, na huenda ingekuwa na baa yake Sonoma. Mendocino ilikua, bia yake ya Red Tail Ale ikajulikana eneo zima, na Barkley akaendelea kuwa mpishi wake mkuu kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1997 Kampuni ya United Breweries ya India ilichukua umiliki mkubwa wa Mendocino, na mwaka 2018 ikafungwa.

Chico

Grossman na mwenzake Paul Camusi walichukua njia nyingine. Nao walianza na matangi ya maziwa, nao Grossman alisomea kuchomelea ili ajenge mwenyewe. Lakini mtambo wao ulikuwa wa mapipa kumi, karibu mara saba ya ule wa Sonoma. Novemba 1980 Sierra Nevada ilipika mpiko wake wa kwanza, stauti. Baada ya hapo wakaanza kuitafuta Pale Ale yao, na wakamwaga mipiko mingi kabla ya kuridhika kwamba ladha inarudi ile ile kila mara. Kiwanda cha pipa moja na nusu kisingeweza kumudu uamuzi kama huo, maana kumwaga mipiko kumi kungekuwa kumwaga kazi ya wiki mbili bila bia ya kuuza.

Pale Ale ile ilijengwa juu ya Cascade. New Albion nayo ilikuwa imetumia Cascade kwenye eli yake, na Anchor kwenye Liberty Ale. Hapa ndipo unapoona eneo likipata ladha yake: viwanda vitatu vilivyo ndani ya mwendo wa saa chache kimoja kutoka kingine, vinavyotumia hopsi ya Marekani kwa sababu inapatikana na ni mbichi, vikaacha harufu ile ya balungi isikike badala ya kuificha. Waingereza waliopika eli kwa karne nyingi hawakuwa na ladha hiyo. Sierra Nevada ndiyo iliyoipeleka kila pembe ya nchi, kwa sababu ilikuwa na kipimo cha kufanya hivyo. Mwaka 2014 ilifungua hata kiwanda cha pili, Mills River, North Carolina.

Nani apewe sifa ipi

Kuna tabia ya kumpa New Albion kila kitu kilichofuata, nami sitaki kuifuata. Huko Colorado kiwanda cha Boulder kilianzishwa mwaka 1979 na wapika bia wa nyumbani waliokuwa na sababu zao. Portland, Oregon, ilikuwa na Cartwright mwaka 1980. Sheria ya 1978 ilizalisha wapika bia ambao hawakuwahi kusikia habari za Sonoma. Kaunti ya Sonoma yenyewe leo ina Lagunitas, iliyoanzishwa 1993, na Russian River, ambayo bia yake iitwayo Pliny the Elder huvuta foleni za watu kutoka mbali, lakini Vinnie Cilurzo wa Russian River alianzia kusini mwa California, na bia zake zenye hopsi nyingi zinatoka kwenye mawazo yake. Kusema hawa ni wajukuu wa McAuliffe kwa sababu tu wanakaa kaunti moja ni kulazimisha ukoo.

Ninachokubali bila wasiwasi ni kile chenye alama. Barkley alifunzwa Sonoma na akapika Hopland kwa vyombo vya Sonoma. Grossman aliona, akapima, akajenga kikubwa zaidi. Viwanda vingi vidogo vilivyofungua California katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 viliunganisha matangi ya maziwa kwa sababu ilikwisha kuonekana kwamba yanafaa. Na tangu hapo, yeyote aliyeandika mpango wa biashara ya kiwanda kidogo alianza na swali la ukubwa wa mpiko, swali ambalo kabla ya New Albion hakuna aliyekuwa na takwimu za kulijibu. Kushindwa kwao kuliwapa wengine namba.

Jina lilipotea sokoni kwa miaka 30. Mwaka 1993 Jim Koch, mwanzilishi wa kampuni ya Boston Beer inayotengeneza Samuel Adams, alichukua haki ya alama ya New Albion ili isiangukie kwa mtu asiyeijali. Aliishikilia karibu miongo miwili bila kuitumia. Mwaka 2012 alimtafuta McAuliffe, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa ameishi mbali na bia na alikuwa ameumizwa vibaya na ajali ya gari mwaka 2009, wakaipika tena eli ile ya kwanza. Hamira ilipatikana Davis, ambako chuo kilikuwa kimeihifadhi muda wote huo, na hopsi ilikuwa Cascade. McAuliffe aliionja mbele ya watu Oktoba mwaka huo huko Denver, kwenye Tamasha Kuu la Bia la Marekani, na mwanzoni mwa 2013 ikauzwa nchi nzima kwa chupa zenye meli ya Drake.

Koch alimkabidhi McAuliffe faida ya bia hiyo, kisha akamrudishia haki ya jina, nalo McAuliffe akampa bintiye. Nalitaja hili kwa heshima zote. Katika biashara ambayo alama ikishaachwa mwenye nguvu huiokota na kuifanya yake, kampuni kubwa ilikubali deni ambalo hakuna mahakama ingeweza kuidai, na ililipa wakati mwenye jina angali hai kupokea.